Uislamu na Furaha ya Kazi katika Zama za Akili Mnemba

Shukrani zote zimwendee Mwenyezi Mungu, aliye chemchemi ya kila elimu, na rehema na amani zimshukie Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w., aliyewafundisha watu ya kwamba hata kazi ya mikono yaweza kuwa ibada.

Baada ya hayo, ndugu wasomaji wapenzi, napenda kuzungumza nanyi juu ya swali linaloulizwa siku hizi na vijana wengi wafanyao kazi maofisini. Swali hilo limeletwa kwetu na ndugu wa Mkonze, hapa Dodoma. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, na mji huu ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, kata kama Mkonze zimebadilika sana. Mtu anayelima uwele na mtama kwa jembe ni jirani wa karani anayeshinda mbele ya kompyuta. Jua ni lile lile na vumbi ni lile lile, lakini mmoja hurudi nyumbani na udongo mikononi, na mwingine hurudi na uchovu wa macho tu.

Basi huyo wa pili ndiye anayeuliza. Maneno yake, kwa ufupi, ni haya: “Zamani nikipewa kazi ya kuandika muhtasari wa kikao au ripoti ya robo mwaka, nilikaa nayo siku nzima, na jioni nilijua kwamba nimefanya kazi. Sasa naiagiza programu ya akili mnemba, nayo huniandikia kwa dakika moja. Mkuu wangu ananisifu, lakini sifa hizo hazinishuki moyoni. Je, mshahara huu ni halali kwangu? Na ile furaha niliyokuwa nayo katika kazi imekwenda wapi?”

Swali hili si dogo. Lina sehemu mbili, moja ya halali na haramu, na moja ya moyo wa mwanadamu. Nao walio wageni katika Uislamu, au wanaouchunguza bado, wana haki ya kujua kama dini hii ina neno la kusema juu ya jambo ambalo halikuwako zama za Mtume s.a.w. Neno hilo liko, na liko wazi kuliko wengi wanavyodhani.

KIFAA HIKI NI KITU GANI?

Yafaa kwanza tukijue kitu tunachokizungumzia, kwani asiyekijua kitu huenda akakiogopa bure au akakitukuza bure. Kwa Kiswahili kimepewa majina kadhaa: akili mnemba, akili bandia, na wengine, hasa katika Kenya, husema akili unde. Jina hili la mwisho latokana na kitenzi kuunda, kama fundi wa pwani aundavyo jahazi, nalo latosha kutukumbusha ya kwamba chombo hiki kina waundaji. Hao waliikusanyia mashine maandishi mengi mno ya wanadamu: vitabu, magazeti, barua na hotuba. Kutoka katika maandishi hayo mashine ilijifunza ni neno gani lenye desturi ya kulifuata neno gani. Ukiiuliza jambo, hukupangia maneno yanayoelekea kufuatana, na mara nyingi maneno hayo huwa mazuri na ya kweli.

Lakini haina macho ya kwenda kutazama kama iliyosema ni kweli. Haikuhudhuria kikao chako, wala haimjui mzee wa mtaa aliyeleta malalamiko. Kwa hiyo wakati mwingine husema uongo kwa lugha fasaha, bila kusita wala kuona haya, na asiyekuwa mwangalifu huupokea uongo huo kwa sababu ya uzuri wa maneno.

MFANO WA NABII DAUDI A.S.

Sasa tumtazame mtu mmoja aliyepewa wepesi mkubwa katika kazi yake. Ndugu zetu Wakristo wanamjua Daudi kuwa mfalme na mwimbaji wa Zaburi. Sisi Waislamu tunamwamini kuwa Nabii wa Mungu. Qurani Tukufu, katika Sura Sabaa, inasimulia ya kuwa Mwenyezi Mungu alimlainishia Daudi a.s. chuma, ili atengeneze mavazi ya chuma ya kuwakinga watu vitani. Na katika habari hiyo hiyo tunaona ya kuwa aliamriwa azipime vyema pete za mavazi hayo, na kutenda mema.

Ndugu msomaji, uzingatie mpango wa maneno hayo. Ugumu wa chuma uliondolewa, lakini kazi ya kupima haikuondolewa. Chuma kilicholainika hakijui kifua cha askari ni kipana kiasi gani. Pete zikiwa pana mno, mkuki hupenya; zikiwa nzito mno, mvaaji huelemewa akashindwa kukimbia. Uhai wa mtu ulitegemea kipimo, na kipimo kilibaki katika macho na dhamiri ya Daudi. Tena haikutosha kupima tu. Aliamriwa kutenda mema, maana vazi la chuma laweza kumkinga mwenye haki, na laweza vile vile kumkinga jambazi.

Sasa tazameni upande wa pili wa habari hii. Mtume Mtukufu s.a.w., alipotaka kuwasifu wale wanaokula kutokana na kazi ya mikono yao wenyewe, alimtaja Daudi a.s. kuwa mfano wao. Huyu ndiye aliyelainishiwa chuma! Lau wepesi wa kazi ungelibatilisha uhalali wa pato, Daudi asingelitajwa hata kidogo. Hivyo jawabu la sehemu ya kwanza ya swali letu limepatikana: wepesi wenyewe haukuharamishii mshahara. Karani aliyeacha kalamu akatumia taipureta hakuwa mwizi, wala mkulima aliyeacha jembe la mkono akalima kwa plau ya ng’ombe hakula haramu. Kinachoangaliwa ni kama bado unapima, na kama unatenda mema kwa kile ulicholainishiwa.

FURAHA YA KAZI YATOKA WAPI?

Twende katika sehemu ya pili, ambayo ni ngumu zaidi. Wataalamu wa dunia nao wamelichunguza jambo hili, na matokeo yao yanastahili kusikilizwa.

Mwaka 2023 wachunguzi wawili wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wafanyakazi 453 wenye elimu ya juu. Wafanyakazi hao walipewa kazi za kuandika zinazofanana na zile za ofisini. Waliotumia ChatGPT walimaliza kazi kwa muda uliopungua kwa asilimia 40, na ubora wa maandishi yao ulipanda kwa asilimia 18. Tena walisema kwamba wameridhika zaidi na kazi yao, ingawa walieleza pia wasiwasi juu ya siku zijazo.

Lakini mwaka 2025 ulichapishwa uchunguzi mwingine, uliowahusisha watu zaidi ya 3,500. Nao ulionyesha kwamba kazi iliyofanywa pamoja na akili mnemba ilitoka nzuri zaidi; ila watu hao walipogeukia kazi nyingine ya kuifanya peke yao, hamu yao ya kazi ilishuka kwa wastani wa asilimia 11, na uchoshi ukapanda kwa asilimia 20.

Je, habari hizi mbili zinapingana? Hasha! Mtu anaweza kufurahi kuondolewa mzigo, na mtu huyo huyo akaona ukiwa anaporudi katika kazi yake hali mkono wake umezoea kubebewa. Kijana wetu wa Mkonze amekutana na yote mawili kabla hajaambiwa na mtaalamu yeyote.

Uislamu unatufundisha ya kwamba furaha ya kazi ina chemchemi tatu.

Ya kwanza ni nia. Mtume s.a.w. alifundisha ya kwamba thamani ya kila tendo hufuata nia ya mtendaji. Mtu anayeandika barua ili aonekane hodari, furaha yake iko mikononi mwa msifuji. Siku asiposifiwa hufa moyo, na siku anaposifiwa kwa kitu asichokifanya, sifa humchoma. Lakini anayeiandika barua hiyo ili mjane apate mirathi yake upesi, huyo furaha yake haipotei kwa sababu barua iliandikwa kwa dakika moja. Yeye alitaka mjane apate haki, na mjane ameipata mapema zaidi.

Ya pili ni kuifanya kazi kwa ukamilifu. Mtume s.a.w. alitufahamisha ya kwamba Mungu hupendezwa na mja ambaye, akishika kazi, huifanya barabara. Ukamilifu huu hauwezi kuazimwa. Mwenye kusoma rasimu ya mashine, akaona sentensi ya tatu haisemi kweli, akaenda kufungua jalada masjala na kusahihisha, huyo ameifanya kazi barabara, na moyo wake utajua. Mwenye kuituma bila kuisoma hakufanya kazi yoyote. Basi asishangae kwamba haoni furaha, kwani furaha ya kazi hailetwi na kazi isiyofanywa.

Ya tatu ni kuwafaa watu. Anayekaa mbele ya kioo cha kompyuta toka asubuhi hadi jioni husahau kwa urahisi kwamba upande wa pili wa karatasi yuko mtu. Akimwona mtu huyo, kazi hurudiwa na uhai.

MFANO ULIO KARIBU NASI

Tusitafute mfano mbali. Mahakama ya Tanzania, ambayo jengo la makao makuu yake lilizinduliwa hapa Dodoma mwezi wa Aprili 2025, imeanza kutumia mfumo wa akili mnemba wa kunukuu na kutafsiri yanayosemwa mahakamani. Wale waliowahi kuhudhuria kesi wanakumbuka hali ilivyokuwa. Hakimu alisikiliza na papo hapo aliandika kwa mkono maneno ya shahidi. Shahidi aliambiwa angoje, kalamu imfikie. Mkono ulichoka, na macho yaliyoelekezwa kwenye karatasi hayakuweza kuutazama uso wa anayesema. Tena, kabla ya sheria kurekebishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, mara nyingi ushahidi ulitolewa kwa Kiswahili ukaandikwa kwa Kiingereza.

Sasa chuma hicho kimeanza kulainishwa. Mashine yaweza kuyanakili maneno, na hakimu akainua uso amtazame shahidi. Je, hakimu amepungukiwa na kazi? La. Amerudishiwa kazi yake ya asili, yaani kusikiliza, kupambanua na kuhukumu kwa haki. Hiyo ndiyo pete anayopaswa kuipima. Lakini hakimu akitumia nafasi hiyo kusinzia, au akiiachia mashine iamue nani mkweli, atakuwa ameitupa amana ambayo Mungu ataiuliza.

Na hatari hii si ya kubuni. Huko New York, Marekani, katika kesi ya Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca, mawakili walipeleka mahakamani hoja zilizotaja hukumu ambazo hazikuwahi kutolewa na mahakama yoyote. ChatGPT ndiyo iliyozitunga, nao hawakuzihakiki. Mwezi wa Juni 2023 jaji aliwatoza faini ya dola 5,000. Chuma kilikuwa laini kabisa, lakini hapakuwa na aliyezipima pete.

UBUNIFU NI WA NANI?

Wako wanaosema: “Haya, kuhakiki nimekubali. Lakini kubuni je? Mashine hutunga shairi, huchora picha, hupendekeza mpango wa mradi. Mimi nimebakia na nini?”

Katika mwisho wa Sura Al-Hashri, Mwenyezi Mungu anajieleza kwa majina matatu yaliyoandamana, yanayomwonyesha kuwa ndiye anayeumba, anayetengeneza na anayetia sura. Uwezo wa kuumba kutoka katika utupu ni wake peke yake. Lakini mwanadamu amepewa kivuli kidogo cha sifa hizo, ndiyo maana mtoto akipata udongo tu hufinyanga ng’ombe. Kubuni ni sehemu ya maumbile yetu, na mtu asiyebuni chochote huona kiu hata kama tumbo limeshiba.

Mwaka 2024 wachunguzi walichapisha katika jarida la Science Advances jaribio la waandishi wapatao 300 walioandika hadithi fupi. Wengine walipewa mawazo na akili mnemba, wengine hawakupewa. Hadithi za waliosaidiwa zilionekana nzuri zaidi, hasa za wale ambao ubunifu wao ulikuwa mdogo. Lakini zilipowekwa pamoja, zilifanana! Kila mmoja alidhani amepata lulu yake, kumbe wote walichota mtungi mmoja.

Watu wa Kiswahili tuna mfano wetu wa kulielewa jambo hili. Marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi, malenga na mhubiri wa Uislamu, aliyekuwa Meya wa Dar es Salaam na baadaye Waziri wa Sheria katika miaka ya mwanzo ya uhuru, alitoa mwaka 1954 kitabu kilichoeleza sheria za kutunga mashairi. Kila anayejua utunzi anajua ya kuwa shairi lina vina na mizani. Mshororo wa kawaida una mizani kumi na sita, minane kila upande. Kuhesabu mizani, mashine yaweza. Kutafuta neno lenye kina cha “ma”, yaweza pia. Lakini shairi lilianza wapi? Lilianza katika jambo lililomgusa mtu: msiba, mapenzi ya Mungu, dhuluma iliyomnyima usingizi. Mizani haikumfanya mtu yeyote kuwa malenga, bali ilimpa malenga mahali pa kulitilia lile lililomjaa moyoni. Asiye na lililomjaa, hata akipewa mizani iliyotimia, huwa ametoa ngoma isiyo na mpigaji.

Kwa hiyo, ndugu wa Mkonze, chanzo cha ubunifu wako ni yale unayoyajua wewe ambayo hayamo mtunguni. Mashine imesoma mengi ya Kiingereza, Kiswahili kidogo kuliko hicho, na Kigogo kidogo zaidi. Haijui ni kwa nini wananchi wa mtaa fulani hawaji kwenye mkutano unaoitishwa wakati wa palizi. Haijui namna bibi alivyohifadhi uwele usiliwe na wadudu. Hayo yakiingia katika ripoti yako, itakuwa ripoti ambayo hakuna mwingine duniani angeweza kuiandika.

Tena hata mashine yenyewe inakula kwa mikono ya watu kama hao. Iko programu ya simu iitwayo Nuru, iliyoundwa na wataalamu wa PlantVillage wa Pennsylvania State University, Marekani, pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Mkulima huelekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo, nayo humwambia kwa Kiswahili kama lina batobato au michirizi ya kahawia. Lakini iliwezaje kujua? Picha za majani zilipigwa katika mashamba ya Tanzania, na watu wenye ujuzi wa mihogo walitaja ugonjwa wa kila jani. Jicho la mtu lilitangulia, na mashine ikafuata. Mwenye kuacha kulitumia jicho lake amekausha kisima ambacho hata mashine hunywa humo.

Wakulima wa zabibu wa Dodoma wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Mkasi mkali huipunguzia mikono taabu ya kupogoa, lakini ni mpogoaji anayechagua jicho lipi liachwe lichipue. Akichagua vibaya, ukali wa mkasi utamharakishia hasara.

LUNDO LA NAFAKA

Turudi kidogo kwenye uhalali, kwani bado liko jambo moja. Imepokewa ya kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alipita sokoni, akatia mkono katika lundo la nafaka, na vidole vyake vikakuta unyevu ndani. Mwenye mali akasema ilinyeshewa na mvua. Mtume s.a.w. akamwuliza ni kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa, ili watu waione. Kisha akaonya vikali ya kuwa mdanganyifu hana fungu katika jamaa yake.

Kila aliyewahi kufika soko la nafaka la Kibaigwa anaelewa mfano huu: mnunuzi hakosi kuingiza mkono. Sasa ripoti iliyotoka katika mashine, ambayo mwenyewe hukuihakiki, ni lundo kavu juu na bichi ndani. Ukiipeleka kwa mkuu wako ukamwachia adhani umeichunguza, umemwuzia nafaka iliyolowa. Hapo ndipo haramu inapoingia, si katika kutumia kifaa. Dawa yake ni nyepesi: ikiwa ofisi yako imeruhusu, sema wazi kwamba rasimu imesaidiwa na programu, nami nimehakiki hili na hili. Ikiwa imekataza, tii, kwani umefunga mapatano nayo, na Mwislamu hutimiza ahadi. Ukilisema hilo, utaona kwamba sifa ukisifiwa zitashuka moyoni, kwa maana zitakuwa za kweli.

NASAHA KWA MFANYAKAZI

Kutokana na hayo napenda kuwausia ndugu zangu mambo matano.

1. Fikiri kabla ya kuuliza. Andika kwa mkono wako, hata mistari mitano tu, jambo unalotaka kulisema na sababu yake. Kisha ndipo uite msaada. Hivyo mashine itakuwa mtumishi wa wazo lako, nawe hutakuwa tarishi wa wazo lake.

2. Hakiki kila jina, kila tarehe na kila tarakimu. Usikubali ushahidi usioujua.

3. Linda siri za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi wa Mei 2023. Lakini kabla ya sheria hiyo tulikwisha amriwa kutunza amana. Ugonjwa wa mtu, mshahara wake na mgogoro wa nyumba yake visipelekwe ovyo katika programu ambayo hujui huviweka wapi.

4. Usiache ustadi wako ufe. Kila juma ichague kazi moja uifanye mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho. Mkono usiotumika husahau, na moyo husahau pamoja nao.

5. Muda uliookolewa utumie kwa kheri. Ukipata saa mbili, usizizike katika porojo za simu. Jifunze, mwelekeze mwenzako mgeni, msikilize mwananchi aliyengoja barazani, na sali kwa wakati wake. Pengine neema kubwa ya kifaa hiki ni hiyo saa mbili, nawe utaulizwa juu yake.

NENO KWA WAAJIRI

Itakuwa si haki kuwausia watumishi peke yao. Wako watu ambao kazi zao zitapunguzwa na mashine hizi, na hofu yao si upungufu wa imani. Mwajiri mwenye kumcha Mungu hamtupi mtu aliyemtumikia miaka mingi kwa sababu amepata chombo cha haraka. Humfundisha chombo hicho kwanza, na humtafutia kazi ile ambayo mashine haiwezi.

Tukumbuke pia ya kuwa wepesi wetu huenda ukawa uzito wa mwingine. Mwezi wa Januari 2023 jarida la TIME la Marekani lilieleza habari za wafanyakazi wa Nairobi waliosoma na kuainisha maandishi machafu na ya kikatili, ili ChatGPT ifundishwe kuyaepuka. Walilipwa chini ya dola 2 kwa saa, na baadhi yao walieleza jinsi kazi hiyo ilivyowaumiza nafsi. Mtume s.a.w. aliagiza kwamba kibarua apewe ujira wake upesi, hata jasho lake halijakauka. Je, yule ambaye jasho lake halionekani, kwa kuwa limefichwa nyuma ya kioo, hana haki hiyo? Anayo, na Mwenyezi Mungu analiona jasho hilo.

MWISHO

Ndugu yangu uliyeuliza, nawe ndugu unayeutafuta ukweli, uwe Mkristo, Mwislamu au mfuasi wa mila za wazee: furaha yako ya kazi haikuchukuliwa na mashine. Ilikuwa imefungwa pamoja na ugumu wa kazi kwa muda mrefu, hata ukadhani ni kitu kimoja. Sasa ugumu umeondolewa, na furaha inakungoja mahali pake pa haki, yaani katika nia safi, katika kupima pete sawasawa, na katika uso wa mtu aliyefaidika. Ukiifuata huko utaipata. Ukikaa na kungoja mashine ikuletee, utangoja sana.

Mwenyezi Mungu atujalie kuvitumia vyombo vya zama zetu pasipo kuwa watumwa wavyo. Atupe macho ya kupambanua kweli na uongo, mikono isiyochoka kutenda mema, na riziki iliyo halali, inayoshuka moyoni kwa utulivu. Awafungulie mlango wa kheri wale wanaoogopa kupoteza kazi zao, na awatie huruma wale wenye amri juu yao. Amin.